Lami ya Mwaka wa Sabini na Saba

Dadkarim ameliinua gari ubavu,
Datsun ya marehemu baba, matumbo nje,
viti vimeegemea ukuta kama wagonjwa wanaosubiri namba.
Wadi Kabir, saa kumi na mbili na robo asubuhi,
na joto limeshaamka kabla ya mwenye duka la chai.
"Dada Zuwena," ananiambia kwa Kiswahili
alichokiokota kidogo kidogo kwa wateja,
"mshono haupendi haraka."

Wahenga waliufikiria ufa.
Ufa wakautungia methali, na ukuta wake, na gharama yake.
Mshono hawakuusema.
Bati mbili zimelaliana upana wa vidole viwili,
zimepigwa moto kiwandani, nukta, nukta, nukta,
na baina ya nukta na nukta pana nafasi
isiyopitisha hata uzi
lakini maji yanapita, tena yanakaa, tena yanazaa.

Nimepiga brashi ya waya mpaka bega limekataa.
Nimefuta kwa thina: kitambaa kikarudi cheusi,
kingine kikarudi kijivu,
cha saba kikarudi kama kilivyokwenda.
Hapo ndipo praima. Ukiziba juu ya kutu
umeitandikia kitanda, umeifungia na mlango.
Nimejifunga kitambaa kipajini kama mpishi wa bokoboko,
maana tone moja la jasho juu ya bati tupu
ni chumvi,
na chumvi haisahau ilipoangukia.

Nikafika chini ya kiti cha dereva.
Pana lami.
Si ya dukani. Lami ya barabara,
aliyoiomba kwa wajenzi mwaka ule wadi iliposhuka usiku
ikaingia garini bila hodi
ikatoka na kiatu changu kimoja.
Nilikuwa na miaka sita. Mimi ndiye niliyeshika tochi.
Yeye mgeni katika nchi ya babu zake,
Kiarabu chake kinachekwa benki, kinachekwa sokoni,
akaipasha lami katika kopo la maziwa ya unga,
akaipaka kwa kidole, akiungua,
akitukana kwa Kipemba ili majirani wasielewe.

Na kidole kipo.
Gumba, mara kumi na nne, moja nyuma ya jingine,
mistari yake wazi kama ya kitambulisho.

Dadkarim alichuchumaa kwa muda.
"Labda chini bati zima," akasema. "Labda limeoza.
Lami haisemi mpaka uibandue."

Nikaenda kunywa chai. Nikarudi.
Nikaenda tena, nikaisahau chai mezani.
Kisha nikawasha mashine ya hewa moto,
nikashika kikwaruzo,
na gumba la kwanza likakunjamana, likanuka barabara mpya.

Chini yake bati liling'aa.
La pili, zima. La tano, zima.
La kumi na nne, zima kama lilivyotoka Japani.
Miaka arubaini na sita ya maji na chumvi
haikupata pa kuingia alipopita yeye.
Kumbe.
Na mimi nimeshabandua yote.

Dadkarim aligeukia kando
akaanza kusafisha spana iliyo safi.

Nikaukata mshazari mdomo wa mrija wa gundi,
nikaivuta taratibu, uzi wa kijivu, kutoka kizingiti cha mlango
mpaka mgongo wa giaboksi,
halafu brashi fupi, kuisukuma ndani isiache kiputo.
Maagizo yanasema glavu.
Chini ya kiti cha dereva nilivua ya kulia.
Haiunguzi, hii. Ni baridi,
ina harufu ya chumba cha daktari wa meno,
na sikuwa na la kumtukana.

"Matundu manne ya chini usiyazibe," Dadkarim alisema.
"Maji yatakuja tu. Yape pa kutokea."
Akayahesabu mwenyewe, akayahesabu tena,
akasema lisiguswe hadi alasiri.

Nikaketi kwenye kiti cha dereva, pale ukutani,
miguu juu ya saruji,
nikaitazama ikikauka.